Gari la Mwaka 1976

Katika jimbo la California, mwaka mmoja hulitenga gari kuukuu na pacha wake. Gari la petroli la toleo la 1975, au la kabla ya hapo, halidaiwi kupimwa moshi; la 1976 hudaiwa kila baada ya miaka miwili, lizeeke lisizeeke. Zamani sheria ilikuwa na huruma zaidi, ikilisamehe gari lililotimiza miaka 30. Sheria ya mwaka 2004 ikaufunga mlango huo. Mwaka 2025 uliletwa mswada wa kuyasamehe magari ya ukumbusho yenye miaka 35 na zaidi, nao haukupita.

Basi na awepo mtu mwenye MGB ya 1976, gari dogo la viti viwili, la kukimbia na kujistarehesha, lililoundwa Abingdon, Uingereza. Aliyelimiliki kabla yake alikuwa ameing'oa pampu ya hewa, vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, na kile chombo cha kusafisha moshi kilichomo katika ekzosi. Kabureta moja ya Zenith-Stromberg ilitolewa, zikatiwa mbili za SU kama zilivyokuwa katika magari ya nyuma kidogo. Injini ikapata pumzi. Wapenzi wa magari haya husema kwamba hivyo ndivyo MGB ilivyostahili kuwa.

Lakini je, ndivyo ilivyokuwa? Mnakili wa utenzi akikuta beti lililolegea, akalifuta na kutia lake lililo zuri zaidi, huenda wasikilizaji wakamsifu; utenzi ule hauwi tena wa mwenyewe. Mabomba yale mabaya ya kutazama yalitoka kiwandani pamoja na gari, kwa sababu gari lilikuwa linapelekwa Marekani, na California ilikuwa inakohoa. Ukungu mzito uliwashtua watu wa Los Angeles mwaka 1943. Miaka michache baadaye, mwanakemia Arie Haagen-Smit akaonyesha jinsi jua linavyougeuza moshi wa magari kuwa ile hewa inayochoma macho. Mwenye gari huyu alikulia huko katika miaka ya 1970, enzi ambayo siku za hewa mbaya watoto wa shule walizuiwa wasicheze nje. Milima ilikuwapo kaskazini ya mji, na zilipita siku haionekani.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya gari la ukumbusho: likiwa na miaka 35, na bima ya namna hiyo, hupelekwa kwa mkaguzi maalumu. Moshi wake sharti utimize kipimo, lakini haliulizwi vifaa vilivyong'olewa. Ama kibao cha namba cha gari la kihistoria ni jambo jingine kabisa, na wengi huvichanganya. Kibao hicho hakilisamehi gari la 1976 lisipimwe. Hulipa heshima, kisha hulizuia kazi: maonyesho, gwaride na shughuli za chama, basi, si kwenda sokoni. Heshima ya namna hiyo ina harufu ya sanda.

Akachagua njia ya pili, ya kurudisha kila kilichotolewa. Ilimchukua miezi. Pampu ilipatikana kwenye gari bovu. Kabureta ikahitaji kufunguliwa yote. Na kuisawazisha injini hii ni kama kutafuta kina kinachokubali kati na mwisho: ukipunguza petroli, monoksidi ya kaboni hushuka, ila mwako huzidi joto na oksidi za naitrojeni hupanda. Fundi akirekebisha hiki, kile humkatalia.

Siku ya kupimwa gari lilipandishwa juu ya rola, magurudumu ya nyuma yakazunguka papo hapo, kwanza kwa mwendo wa kilomita 24 kwa saa, kisha 40, kipimo kimechomekwa katika ekzosi. Mkaguzi akainama na tochi, akatazama bomba moja moja, akakagua hata kifuniko cha tangi. Likapita, kwa tofauti ndogo.

Kibao cha kihistoria hakukiomba. Nguvu ya injini imepungua, na mlimani huachwa na magari ya mizigo. Jumamosi hulipeleka sokoni, kapu la mboga likikaa kiti cha abiria. Baada ya miaka miwili ataitwa tena.