Rilei tatu, saa moja

Nimepotea kidogo, ndo mambo ya projekti ya mwaka wa mwisho. Wengi hapa hosteli mnaniuliza: hiyo bodi moja inaendeshaje rilei tatu, kila moja na muda wake? Haya, leo nawajibu.

Natengeneza banda la kulelea vifaranga. Rilei ya kwanza ni ya taa ya joto, ya pili feni, ya tatu pampu ya maji. Feni inazunguka dakika 2 kila baada ya dakika 15, pampu sekunde 10 kila saa. Taa inafuata kipima joto, maana wiki ya kwanza kifaranga anataka nyuzi 32 hadi 35. Vifaranga wenyewe ni 60, wa shangazi, kawanunua kwa hela ya upatu. Kwa hiyo hapa si maksi tu.

Kwenye Arduino wengi tunaanzia na delay(). Ukiandika delay(120000), feni itazunguka dakika 2 sawasawa, ila dakika zote hizo programu imesimama palepale. Kipima joto hakisomwi. Taa kama iliachwa inawaka, inaendelea tu kuwaka.

Dawa yake ni millis(). Hiyo inakupa milisekunde zilizopita tangu bodi iwashwe. Mcheki mama ntilie: ana wali, maharage na chai kwa mpigo. Hakodolei sufuria moja mpaka iive, anazungukia zote, anaepua iliyo tayari. Na programu ifanye hivyo hivyo. Kila rilei unaiwekea kumbukumbu ya lini ilibadilishwa mara ya mwisho. Kila mzunguko unauliza: sasa ukitoa wakati ule, muda umetimia? Umetimia, geuza rilei, andika wakati mpya. Bado? Pita, kamwangalie mwenzake.

Angalizo moja: hesabu ya millis() hujaa na kurudi sifuri baada ya siku kama 50. Tumia unsigned long, na utoe (sasa - mwanzo), jibu litabaki sahihi hata ikivuka sifuri. Ukilinganisha sasa na (mwanzo + muda), siku hiyo rilei zitakuchezea shere.

Ijumaa natetea mbele ya jopo, niombeeni jamani. Shangazi yeye hana habari na millis(). Anachotaka ni akiamka asubuhi ahesabu vifaranga 60.