Maji Yaliyobaki Chini ya Kovu

Sisi wa Kakontwe twajua sana habari za mawe na vumbi la chokaa. Habari ya maji yanayojaa kifuani mwa mama aliyeondolewa titi hatukuijua, mpaka ilipoingia nyumbani mwetu.

Mama yetu mdogo alipasuliwa Lubumbashi, mwendo wa kilometa 120 hivi kutoka Likasi. Alirudi na mpira mwembamba ubavuni, na mwisho wake kichupa. Kila asubuhi tulipima maji yaliyomo, tukaandika daftarini. Yalipopungua chini ya mililita 30 kwa siku mbili mfululizo, mpira ukatolewa. Juma moja baadaye pakafura chini ya kovu. Akigeuka kitandani, maji yalichezacheza.

Basi maneno yakaanza. Huyu alisema kansa imerudi, yule alitaka tumkande kwa maji ya moto, na mwingine, Mungu amsamehe, alikuja na wembe. Tulikataa, tukamrudisha kwa daktari. Akatueleza kwamba palipoondolewa nyama hubaki nafasi, na vijishipa vilivyokatwa humwaga maji humo mpaka ngozi ishikamane na kifua. Maji hayo si kansa, wala si uchawi. Yakiwa machache mwili huyafyonza wenyewe. Yakivuta ngozi na kuuma, hutolewa kwa sindano safi hospitalini. Anayetoboa nyumbani huingiza uchafu, na maji hugeuka usaha. Homa, wekundu, joto au harufu mbaya havingojei kesho.

Alitolewa maji mara nne. Mkono aliunyosha polepole kama alivyofundishwa, lakini ndoo alikatazwa. Hapo ndipo palipokuwa na vita! Mama wa kwetu aambiwe akae atekewe maji? Tulishika zamu, naye akanung'unika.

Wako pia waliotengenezewa titi jipya. Likitengenezwa kwa nyama ya mgongo, maji hupenda kujaa mgongoni. Likiwa la kifuko cha silikoni, sindano isiyoongozwa vema yaweza kukitoboa. Na maji yakizuka huko baada ya mwaka au zaidi, sharti yapimwe, kwa maana yaweza kuficha kansa ya nadra. Ndiyo sababu mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vifuko vyake vyenye ngozi ya mkwaruzo.

Safari ya tano daktari alikipapasa kifua, akairudisha sindano mahali pake. Kilikuwa kimelala.