Zinal, Kijiji cha Njia za Mbio

Kusini ya Uswisi, katika jimbo la Valais, liko bonde liitwalo Anniviers. Ukilifuata bonde hilo mpaka ukomo wake utafika katika kijiji cha Zinal, kilichojengwa mita 1,675 juu ya usawa wa bahari. Hapo barabara ya magari inakoma. Zinazoendelea mbele ni njia za miguu, nazo hupanda misituni, hukata malisho ya ng'ombe, na mwishowe hupotelea katika mawe na barafu ya kudumu.

Jina la kijiji hiki linajulikana kwa wakimbiaji wa milimani popote walipo duniani. Tangu mwaka 1974, kila mwezi wa Agosti, hufanyika mbio za kutoka mji wa Sierre mpaka Zinal. Umbali wake ni kilomita 31. Kwa mtu aliyezoea mbio ndefu za barabarani, kilomita 31 si jambo la kutisha. Lakini Sierre iko kwenye bonde la mto Rhône, mita 585 tu, na njia hupanda hadi kupita mita 2,400 kabla ya kushuka Zinal. Ukijumlisha miinuko yote, mkimbiaji hupanda mita 2,200 hivi.

Ndugu msomaji, njia hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya mbio. Wenyeji wa Anniviers walikuwa wakulima na wafugaji wenye mashamba yaliyotawanyika kuanzia bondeni mpaka juu. Mizabibu yao ilikuwa karibu na Sierre, penye joto; nyumba zao na mashamba ya nafaka yalikuwa katikati ya mlima; na malisho ya kiangazi yalikuwa juu zaidi, mahali ambapo miti haioti. Kwa hiyo mwaka mzima walikuwa wakihama. Wakati wa kuhudumia mizabibu familia ziliteremka na mifugo yao. Jua la kiangazi lilipokuja, ng'ombe wakapandishwa juu. Hata kazi ya mizabibu waliifanya kwa pamoja, huku filimbi na ngoma zikipigwa. Mtu anayekimbia leo kutoka Sierre anakanyaga mlima ule ule waliokuwa wakiupanda watu waliobeba jibini, nyasi kavu na watoto mgongoni.

Sasa tuifuate njia yenyewe. Mara tu baada ya kutoka Sierre huanza mpando mkali ndani ya msitu wa misonobari. Hapa hata mabingwa huacha kukimbia. Huinama, huweka mikono mapajani, na kutembea kwa hatua za haraka. Baada ya kilomita 12 na zaidi hutokeza Chandolin, kijiji kilicho karibu mita 2,000 juu ya bahari. Kutoka hapo mlima hulegea kidogo. Njia hupita juu ya kijiji cha Saint-Luc, hupanda tena mpaka hoteli ya zamani ya Weisshorn iliyosimama peke yake mlimani, kisha hufuata ubavu wa mlima kuelekea kusini. Hali ya hewa ikiwa safi, mtu huona vilele vitano virefu kupita mita 4,000: Weisshorn, Zinalrothorn, Obergabelhorn, Matterhorn na Dent Blanche. Hatimaye huja mteremko mkali wa kuingia Zinal, na huko ndiko mbio nyingi zinakopotea, kwa sababu miguu iliyochoka haina tena breki.

Anayekaa Zinal kwa siku kadhaa anazo njia nyingine. Iliyo nyepesi hufuata mto Navizence kuelekea barafuni, mpaka kibanda cha wapanda milima cha Petit Mountet. Iliyo ngumu hupanda Roc de la Vache, mita 2,581, yaani zaidi ya mita 900 juu ya kijiji.

Mlima una adabu zake. Kwanza, mgeni asiende mbio siku anayofika, maana hewa ya juu ni nyembamba na pumzi huisha mapema. Ampe mwili siku chache azoee. Pili, atoke asubuhi, kwani radi za kiangazi hupenda kuja alasiri. Tatu, achukue koti la mvua na maji hata kama jua linawaka. Nne, afunge kila lango la malisho alilofungua, na awapishe ng'ombe, hasa wenye ndama. Katika kuteremka, hatua ziwe fupi na za upesi, na macho yatazame mbele kidogo ya miguu.

Asidhani mtu kwamba nguvu peke yake zinatosha. Mwaka 1943 wanajeshi wa Uswisi walianzisha mashindano ya doria kutoka Zermatt hadi Verbier, katika milima hiyo hiyo ya Valais, kwa mbao za kutelezea juu ya theluji. Yalikuwa mazoezi ya askari hodari, waliokwenda kwa vikundi. Mwaka 1949 askari watatu walitumbukia katika ufa wa barafu na kufa. Mashindano yakapigwa marufuku, na hayakurudi mpaka mwaka 1984. Mlima hauogopi cheo wala sare.

Jambo linalonivutia kuliko yote si kasi ya wakimbiaji, bali utunzaji wa njia. Njia isiyopitwa hufa. Misimu michache ya majani na maporomoko hutosha kuifuta. Zamani wenyeji wa vijiji vya Valais waliokuwa na haki katika malisho walidaiwa siku za kazi: kutoa mawe, kujenga kingo, kusafisha mifereji ya maji. Wale wanaoijua mifongo ya Wachaga wa Kilimanjaro wataelewa mara moja mpango wa namna hiyo, kwamba anayenywa maji lazima ashike jembe.

Baadaye, magari yalipoenea, njia nyingi za miguu katika nchi hiyo zilifunikwa na barabara na majengo. Tarehe 18 Februari 1979 wananchi wa Uswisi walipiga kura na kukubali kwamba njia za miguu ziingizwe katika Katiba yao. Sheria iliyofuata mwaka 1985 inaagiza njia hizo ziwekwe kwenye ramani na zitunzwe. Na ikiwa njia itaharibiwa na ujenzi, lazima nyingine ipatikane badala yake. Leo nchi hiyo ndogo ina zaidi ya kilomita 65,000 za njia zenye alama. Kibao cha manjano humwonyesha mwendaji njia ya kawaida. Rangi nyeupe, nyekundu na nyeupe ni onyo kwamba njia ni ya mlimani na inataka viatu imara. Vibao hivyo huandika muda wa mwendo badala ya kilomita, maana mlimani kilomita humdanganya mtu.

Utunzaji huo ulijaribiwa mwezi Juni 2024. Mvua kubwa na theluji iliyoyeyuka viliujaza mto Navizence, ukafurika, ukaharibu barabara na kukitenga kijiji cha Zinal. Hata hivyo, mwezi Agosti mwaka huo huo mbio zilifanyika. Kilian Jornet wa Hispania alishinda kwa saa 2, dakika 25 na sekunde 34, akiivunja rekodi yake mwenyewe ya mwaka 2019 kwa sekunde moja tu. Upande wa wanawake mshindi alikuwa Joyce Njeru wa Kenya.

Naam, watu wa Afrika Mashariki si wageni katika milima hiyo. Philemon Kiriago wa Kenya alishinda Sierre-Zinal mwaka 2023. Mwaka 2017, katika kijiji cha Premana kwenye milima ya Alpi ya Italia, Victor Kiplangat wa Uganda na Lucy Wambui Murigi wa Kenya walitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za milimani. Miaka sita baadaye Kiplangat akawa bingwa wa dunia wa marathoni huko Budapest. Lakini ukweli wote usemwe: mwaka 2022 washindi wawili wa Sierre-Zinal, mwanamume na mwanamke, walinyang'anywa ushindi kwa sababu ya dawa zilizokatazwa. Ushindi wa namna hiyo haukai.

Nasi tunayo milima: Elgoni, Ruwenzori, Kilimanjaro, Virunga. Tunazo pia njia za zamani za kwenda kisimani, sokoni na shuleni, ambazo kila mwaka huliwa na mmomonyoko na mipaka ya mashamba inayosogezwa kimya kimya. Askari anayetaka miguu imara, na mama anayetaka watoto wafike shuleni salama, wote wawili wanaihitaji njia ile ile. Haitaki fedha nyingi kuilinda. Inataka jirani wakubaliane siku moja kwa mwezi, waje na majembe na mapanga, wachimbe mfereji wa kutolea maji ya mvua, wapange mawe mahali panapoteleza, na wamwambie kwa upole yule aliyeisogeza fensi yake airudishe. Baada ya hapo, atakayetaka kukimbia atakimbia.