Matembezi ya Asubuhi Moja Mjini Kitui

Msomaji mpenzi, nataka kukusimulia kosa nililolitenda kwa ulimi wangu mwenyewe, na jinsi mzee mmoja alivyonisahihisha kwa miguu yake. Nasema kwa miguu yake, kwa sababu hakunipa hotuba wala kitabu. Alishika mkongojo wake, akatangulia, nami nikamfuata kwa muda wa saa tatu hivi.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Nilikuwa Nairobi, nimeketi mezani pamoja na watu kadhaa, na miongoni mwao alikuwapo mgeni kutoka nchi ya mbali. Mgeni huyo aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamjibu ya kuwa kwetu ni Ukambani, upande wa Makueni. Akauliza tena kwa adabu, "Je, kwenu kuna nini?" Ningeweza kusema mengi. Lakini nilitaka kuwachekesha waliokuwapo, nikajibu, "Kwetu kuna jua na njaa. Ukiviona hivyo viwili umekwisha kuona yote." Watu wakacheka. Mgeni hakucheka. Alinitazama kama mtu amtazamavyo mtoto anayemtukana mama yake mbele ya wageni.

Usiku ule sikulala vema. Sikuwa nimesema uongo mtupu, maana ukame tumeuona na njaa tumeijua. Kilichonisumbua ni kwamba nilipojaribu kutafuta jibu jingine lililo bora, sikulipata. Nilifahamu hapo kuwa sikuwaficha wenzangu mambo niliyoyajua. Nilikuwa siyajui. Mtu mzima mwenye elimu yake, naijua miji ya watu katika vitabu, na nchi iliyonizaa siijui.

Nina mjomba, ndugu wa mama yangu, akaaye mjini Kitui tangu ujana wake. Nikaazimia kwenda kwake. Sisi tu watu wa Kibwezi, kwenye njia kuu ya Nairobi na Mombasa. Kutoka hapo barabara nyingine hukata kuelekea kaskazini, ikavuka mto Athi, ambao ni mpaka wa Makueni na Kitui, ikapita Ikutha na Mutomo hata ikafika mjini Kitui. Zamani ilikuwa njia ya vumbi na mawe. Siku hizi ina lami, na mabasi hukimbia. Nilikuwa nimeipita mara nyingi, na karibu kila mara nilipita nikiwa nimelala usingizi.

Jioni ile, baada ya kula muthokoi, nilimweleza mjomba habari yote, nisiache neno. Alinyamaza kitambo kirefu. Nilidhani atanikemea. Hatimaye akasema, "Mpwa wangu, lala mapema. Kesho tutatembea."

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, kungali na baridi. Nilitumaini kwamba atanipeleka kwenye jiwe la Nzambani, mwamba mkubwa ulio mashariki ya mji, ambao yasemwa kuwa mtu akiuzunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke hugeuka mwanamume. Nilipomtajia, akatikisa kichwa. "Jiwe lile halinihitaji mimi," akasema. "Ni kubwa, kila mtu huliona. Mimi nitakuonyesha yasiyoonekana."

Kwanza tulipanda mwinuko mmoja ulio karibu na nyumba yake. Akasimama, akaelekeza mkongojo kaskazini, akaniuliza ninaona nini. Nikamwambia naona mawingu. "Nyuma ya mawingu hayo uko mlima Kenya," akasema. "Asubuhi iliyo safi huonekana. Leo hauonekani, lakini upo."

Ndipo aliponisimulia habari ambayo nilipata kuisoma shuleni, nikaisahau mara baada ya mtihani. Katika karne ya 19 alikuwapo katika nchi hii ya Kitui mfanyabiashara mkuu aliyeitwa Kivoi. Misafara ya Wakamba ilichukua pembe za ndovu kutoka bara mpaka pwani, na Kivoi alikuwa mmoja wa wakubwa wa biashara hiyo. Mwaka 1849 alimkaribisha kwake mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882. Kivoi alimwambia mgeni wake kuwa uko mlima mkubwa wenye weupe kileleni. Siku ya tarehe 3 Desemba 1849 Krapf aliuona kwa macho yake kutoka nchi hii ya Kitui. Wakamba waliuita Kiinyaa, na wengi hulieleza jina hilo kwa ndege mbuni, ambaye dume lake lina manyoya meusi na meupe, kama mlima ule ulivyo na mwamba mweusi na theluji nyeupe. Krapf aliliandika jina kwa kadiri sikio lake lilivyolipokea, mara Kegnia, mara Kenia. Huko Uingereza wako wataalamu waliokanusha habari hizi, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1883 Joseph Thomson aliuona mlima huo, akathibitisha kuwa ni kweli. Na mwaka 1920 jina la mlima likawa jina la koloni, na baadaye likawa jina la taifa letu huru.

"Sasa fikiri," mjomba akasema. "Jina unaloandika katika kila barua lilitoka katika vinywa vya watu wa hapa, mgeni alipouliza na mwenyeji akajibu. Kivoi naye aliulizwa kwao kuna nini. Je, alijibu kama wewe?"

Nilitazama chini. Mzee hakunihurumia, aliendelea. Alisema kuwa mwaka 1851 Krapf na Kivoi walisafiri pamoja kuelekea mto Tana, wakashambuliwa na wanyang'anyi, na Kivoi akauawa. Krapf alibaki peke yake nyikani. Alipofika mtoni alijaza maji katika mfuko wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, ili apate kitu cha kunywa njiani. "Mtu yule alijua lugha nyingi na vitabu vingi," mjomba akasema, "lakini mwenyeji alipokufa, mgeni akawa kama kipofu."

Tuliteremka mjini. Milango ya maduka ilikuwa inafunguliwa. Tulifika mahali ambapo mafundi wa chuma hufanya kazi nje, chini ya mabati, wakifua majembe na kutengeneza majiko. Nilitaka kupita upesi kwa sababu ya kelele. Mjomba akanizuia. Alisema kuwa wazee hulieleza jina la Kitui kuwa latokana na kazi ya kufua chuma, na kwamba mafundi wa Kikamba walisifika zamani kwa mikufu yao myembamba. Kijana mmoja alikuwa akikunja bati kwa nyundo, na kila pigo lilianguka mahali pake. Nilisimama nikamtazama mpaka akamaliza jiko lake. Kelele ile ile iliyonichukiza ilikuwa sasa kama maneno ninayoanza kuyafahamu.

Kutoka hapo tuliingia sokoni. Palikuwa na ndengu, kunde, mbaazi na asali, na maembe yaliyoletwa kutoka kwetu Makueni. Mwanamke mzee alikuwa ameketi ukutani akisuka kiondo cha nyuzi za mkonge, vidole vyake vikienda upesi na macho yake yakitazama watu. Nilipendezwa, nikatoa simu nimpige picha. Mjomba akaushika mkono wangu. "Yule si mlima," akasema, "hata umtazame bila kumwamkia." Niliona haya tena, ikawa mara ya pili asubuhi ile. Nikamwendea mama yule, nikamwamkia kwa Kikamba, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtajia kwetu Kibwezi, akacheka, akaniambia kuwa dada yake ameolewa huko. Akanionyesha jinsi anavyosokota uzi juu ya paja, na jinsi anavyohesabu nyuzi ili mistari ya rangi ikutane sawasawa kiondo kinapozunguka. Picha sikupiga. Lakini sura yake ninayo hata leo, na sina hakika kama ningekuwa nayo kama ningalipiga ile picha nikaenda zangu.

Jua lilikuwa limekwisha kupanda tulipotoka mjini na kushuka kwenye mkondo wa mto. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Tulipofika ukingoni niliona mchanga mtupu, mweupe, umetanda toka upande huu hata upande wa pili. Nikasema, "Mjomba, mto huu umekufa."

Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza. Akaniambia, "Piga magoti, uchimbe."

Nikapiga magoti, nikachimba kwa mikono. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu na wenye moto. Chini yake ulikuwa wa baridi, kisha ukawa na unyevu, ukabadilika rangi. Shimo lilipofika kimo cha kiwiko changu, maji yakaanza kujikusanya taratibu, kwanza yakiwa na tope, halafu yakatulia. Mbele yetu kidogo wanawake wawili walikuwa wakichota katika kisima kama hicho, kilichozungushiwa matawi ya miiba ili mifugo isiingie, na punda wao akingoja na madumu mgongoni.

Mjomba alinionyesha ukuta wa mawe na saruji uliojengwa kukingama mto, juu ya mwamba. Mvua inyeshapo, mafuriko huja na mchanga na udongo. Udongo mwepesi hupita juu ya ukuta ukaenda zake. Mchanga mzito hubaki. Msimu baada ya msimu mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na katikati ya chembe zake maji hukaa, hata ikawa kiasi cha robo au theluthi ya kile kinachoonekana kuwa ni mchanga tu kumbe ni maji. Jua haliwezi kuyakausha upesi, wala mbu hawawezi kuzaana ndani yake. Tangu miaka ya 1990 kuta za namna hii zimejengwa kwa mamia katika Kitui, na nyingine nyingi upande wa Makueni. Watu hukusanyika kwa mwethya, ile kazi ya ushirika ya Wakamba: huyu abeba jiwe, yule abeba mchanga, mwingine apika chakula.

"Ulimwambia mgeni kwetu kuna jua na njaa," mjomba akasema. "Hukusema uongo. Ulisema mchanga wa juu."

Tulirudi nyumbani polepole, maana miguu yake ilikuwa imechoka. Tulipofika mlangoni nilimshukuru sana. Akaketi, akauweka mkongojo magotini, akasema, "Mwezi wa Desemba nitakuja Kibwezi kumwona mama yako. Utanitembeza?"

"Bila shaka, mjomba."

"Utanionyesha nini?"

Msomaji mpenzi, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesafiri kwenda Kitui kuuliza habari za Ukambani, na kumbe mji niliozaliwa ulikuwa bado umefunikwa machoni pangu.

Nilirudi nyumbani, na safari hii sikulala katika basi. Nikaanza kuuliza wazee wetu, nikitembea nao. Nilijifunza kuwa maji niliyoyanywa utotoni hutoka mbali: milima ya Chyulu haina mito juu yake, kwa maana mvua huzama ndani ya mawe ya volkeno, ikasafiri gizani, ikatokea katika chemchemi za Umani karibu na Kibwezi, na katika chemchemi za Mzima ambazo maji yake hupelekwa kwa bomba hata Mombasa. Nilijifunza kuwa reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 ilipita upande wetu, ikaiacha Kitui kando, na biashara ikabadili njia. Nilikwenda Makindu, katika hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli hiyo, ambamo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo. Nami niliyekuwa nikipita mbele yake miaka yote nilikula humo kwa mara ya kwanza. Mjomba alipokuja mwezi wa Desemba, tulitembea asubuhi mbili, na bado hatukumaliza.

Yule mgeni wa Nairobi nilimwandikia barua. Nilimwambia kuwa jibu langu la kwanza lilikuwa fupi mno, nikamwomba aje aone. Niliahidi kumwongoza mwenyewe.

Nawe kijana usomaye haya, huenda unatazamia siku ya kuondoka kwenu uende ukaone dunia. Nenda, maana kutembea kwingi ni kuona mengi. Lakini kabla hujaondoka, mtafute mzee mmoja wa mji wako au kijiji chako, umwombe asubuhi moja tu. Mwache atangulie. Usiharakishe hatua zake, na akikuambia piga magoti uchimbe, chimba. Maana huko uendako utaulizwa, kama nilivyoulizwa mimi: "Je, kwenu kuna nini?" Jibu lake haliokotwi njiani.