Vifaranga wa Aksolotli Wakati wa Daku



Kila Jumamosi tunapowafuata watoto madrasa, hakosi mzazi wa kutuuliza ni wadudu gani wale tuliowalea katika mabakuli ya plastiki Ramadhani ya mwaka 2024, na kama ni kweli tulikuwa tukiwalisha usiku wa manane. Ni kweli. Na kwa kuwa watoto wetu wengi hapa Uingereza sasa wanawatamani, tumeona heri tuyaandike mara moja yale ambayo sisi tuliyajua kwa hasara.

Kwanza, si wadudu. Aksolotli ni mnyama wa jamii ya salamanda, jamaa wa mbali wa chura, ila yeye kwa kawaida hatoki majini umri wake wote. Hubaki na mashavu yake ya kuvutia pumzi nje ya kichwa, yamechanua kama matamvua ya shali. Asili yake ni maziwa ya bonde la Meksiko, na porini amebakia katika mifereji ya Xochimilco tu, ndani ya mji mkuu wa nchi hiyo. Wataalamu waliohesabu mwaka 1998 walikadiria aksolotli 6,000 katika kila kilomita ya mraba. Mwaka 2014 makadirio yalishuka hadi 36. Waliofugwa, kinyume chake, wametapakaa duniani. Mwaka 1864 walisafirishwa 34 kutoka Meksiko hadi Paris, na nasaba ya wengi wanaofugwa katika maabara inarejea kwa hao. Kwa hiyo hawa wa kwenye matangi ya vioo ni wazaliwa wa ughaibuni, kama walivyo wanetu. Wanetu wenyewe, tusifichane, hawakuwajua kwa historia bali kwa mchezo wa Minecraft, ambamo waliingizwa mwaka 2021.

Mwanetu wa miaka tisa alirudi na mayai 30 ndani ya chupa ya achari, zawadi ya mzazi wa mwenzake. Tulikubali bila ya kuuliza, na hilo ndilo kosa letu la kwanza. Siku ya tatu ya Ramadhani wakaanza kuanguliwa. Kila mmoja urefu wake kama sentimita moja, mwembamba, macho mawili meusi, miguu hana. Walipatikana 26. Wakalala chini ya bakuli, kimya, hawatikisiki ila ukiwagusa.

Tukadhani wana njaa. Kwetu kifaranga wa kuku hupewa chenga za mchele, na akiwa dhaifu hupewa kiini cha yai. Basi tukachemsha yai, tukaponda kiini, tukanyunyiza. Hatukujua kwamba kifaranga wa aksolotli huanguliwa na akiba yake tumboni, na kwamba siku mbili tatu za mwanzo hahitaji chochote isipokuwa maji safi. Wala hatukujua kwamba hata akiisha akiba hiyo hamtambui mfu kuwa ni chakula. Anachokiona ni kile kinachotikisika mbele ya mdomo wake. Kiini kilizama, kikaoza, maji yakawa kama ya mchele uliooshwa. Tulipoamka kula daku siku ya tano walikuwa wamekufa 17.

Mwanetu aliwatoa mmoja mmoja kwa kijiko akiwahesabu. Kisha akauliza, "Ni mimi niliyewaua?" Tukamwambia la, ni sisi wakubwa, kwa kutenda kabla ya kuuliza. Hakujibu, na siku ile futari hakuigusa sawasawa. Tuliwaza kuwarudisha tisa waliosalia. Yeye akakataa, akataka tutafute wanachokula.

Wanachokula ni uduvi. Si huu wetu uliokaushwa, bali jamaa yake mdogo kabisa aitwaye atemia, ambaye mayai yake makavu huuzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Bibi yao, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Unguja na ambaye hadi siku ile alikuwa hataki hata kuyatazama mabakuli yetu, alicheka sana aliposikia kwamba kuna watu wanalea uduvi kulishia mijusi. Lakini ndiye aliyetufaa. Chujio letu lilikuwa na matundu makubwa, uduvi wote ukapita. Yeye akakata kipande cha melimeli, akakikunja mara mbili juu ya kikombe, na tangu siku hiyo hatukupoteza kitu.

Utaratibu tulioushika ni huu. Lita moja ya maji, vijiko viwili vya kulia vya chumvi ya bahari, nusu kijiko cha chai cha mayai ya atemia, pampu ndogo ya hewa ili maji yachemkechemke, na chupa iwekwe karibu na hita ipate joto la nyuzi 26 hadi 28. Baada ya saa 24 hadi 36 utaona vumbi la rangi ya machungwa linaogelea. Zima pampu, subiri dakika kumi: maganda huelea juu, na uduvi hukusanyika penye mwanga. Wavute kwa mrija, uache maganda, kwani hayafai tumboni. Wachuje, kisha suuza kwa maji yasiyo na chumvi. Tulikuwa na chupa mbili, moja ikivunwa leo na nyingine kesho, maana ukikosa siku moja ni njaa.

Tuliwalisha mara mbili: wakati wa daku, na baada ya futari. Hakuna saa zilizotufaa kuliko hizo, kwani nyumba nzima iko macho. Ukimtazama kifaranga aliyeshiba, tumbo lake huonekana jekundu kidogo kupitia ngozini, na mwanetu alikuwa akiwakagua kwa tochi kabla ya kula chake.

Kulisha, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Uduvi wa chumvi haukai hai muda mrefu katika maji baridi, na usioliwa ukifa huchafua bakuli. Kwa hiyo kila siku tulibadilisha maji yote. Maji ya bomba yana klorini, na mahali pengine kloramini. Klorini huondoka maji yakilala usiku kucha, kloramini haiondoki, hivyo tia matone ya dawa inayouzwa kwa ajili hiyo. Maji mapya yawe na joto sawa na ya zamani, nyuzi 16 hadi 18, yasizidi 20. Jikoni mwetu mwezi ule palikuwa tanuri, tukawahamishia ukumbini karibu na mlango wa nyuma. Binamu yao aliyeko Maskati alipotaka apelekewe wawili tulimkatalia papo hapo; bila ya mashine ya kupoza maji, huko ni kuwachemsha.

Hatari nyingine inatoka kwao wenyewe. Miguu ya mbele inapochipuka huanza kuumana, kwa kuwa chochote kinachotikisika ni chakula, hata mguu wa ndugu yake. Tuligundua siku mmoja alipoonekana hana kiganja. Tukawatenga, kila mmoja na kopo lake, na sherehe ya Idi tuliifanya meza imejaa makopo tisa. Kiganja kiliota tena chote baada ya wiki kadhaa, vidole vikiwa kamili. Hiyo ndiyo sifa inayowafanya wanasayansi wawafuge. Walipofikia sentimita tano tukawapa vipande vya nyungunyungu wa bustanini, mahali pasipomwagwa dawa.

Wenye watoto wachanga wazingatie: wanyama hawa huweza kubeba vijidudu vya salmonela. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kugusa maji yao, na mabakuli yao yasioshwe kwenye sinki la vyombo vya kulia.

Kati ya tisa walikua saba. Mmoja hakuwahi kula, na mwingine alikufa bila ya sisi kujua sababu. Wanne tumeshawatoa, na mwenye kiganja kipya hatolewi, mwanetu ameshatuapia. Waliobaki ni wawili. Anayewataka atuone Jumamosi mlangoni madrasa, lakini ajue kabla: mkubwa hufikia sentimita 25, na huishi miaka 10, hata 15. Mtoto ataondoka kwenda chuo kikuu na mnyama atabaki na wewe. Na ukichoka naye urudishe kwetu, usimtie mtoni. Tutataka kwanza kuliona tangi, likiwa na maji ndani na kipimajoto.