Mama na Ngazi za Ghorofa ya Tatu

Jamaa wanaokusanya kurasa za kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike habari za Mama, kwa kuwa wengi wenu mlioko Johannesburg, Maputo, na huko nyumbani Pangani na Tanga, mlisikia kwamba alianguka, kisha mkasikia kwamba namtumikisha. Yote mawili ni kweli. Nitaeleza kwa utaratibu wangu, na mwenye kunilaumu anilaumu akiwa amekwisha kusoma.

Mama alikuja Durban mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 74. Kule Pangani alikuwa akiamka alfajiri, akiswali, kisha akifagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, mgongo umeinama na mkono mmoja nyuma kiunoni. Alikuna nazi yake mwenyewe juu ya mbuzi. Alichota maji mferejini kwa ndoo ndogo. Asubuhi ikikolea aliketi chini barazani kusuka ukili mpaka adhuhuri, na katika huko kusuka aliinuka na kuketi tena mara nyingi: kuku ameingia jikoni, mtoto analia, jirani anapiga hodi. Hakuna aliyeyaita hayo mazoezi ya viungo.

Sisi huku tukamwekea kiti. Flati yetu iko South Beach, ghorofa ya tatu, na lifti ipo. Tulimnunulia kiti kikubwa chenye mito, tukakiweka mbele ya televisheni, karibu na dirisha ili aone bahari na meli zinazongoja zamu ya kuingia bandarini. Watoto walifundishwa kumletea chai, maji ya udhu na makubadhi yake. Siku moja wageni walikuja wakamkuta ameshika ufagio. Nilimnyang'anya mbele yao, maana niliona haya wasije wakasema nimemleta mzazi wangu Afrika Kusini kuwa mtumishi. Nakumbuka alivyouachia ufagio ule. Hakusema neno, alikwenda kuketi.

Baada ya miaka miwili hivi alikuwa hainuki kitini bila kujisukuma kwa mikono. Kikombe chake tulikijaza nusu, kwa sababu kikijaa kilimwagika. Tena kulikuwa na jambo ambalo tuliliona na hatukulitia maanani: akiwa anatembea, ukimsemesha, anasimama kwanza ndipo akujibu. Sisi tuliona ni adabu yake. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwaka 1997 watafiti wa Sweden waliwaangalia wazee 58 wa namna hiyo. Kumi na wawili kati yao walisimama waliposemeshwa njiani, na katika miezi sita iliyofuata kumi kati ya hao kumi na wawili walianguka. Mguu wa kijana huenda wenyewe, akili ikiwa kwingine. Mzee aliyedhoofika huulinda kila mguu kwa akili yake, na akigawana akili na mazungumzo, mmojawapo hupunjwa.

Mwezi wa Agosti 2019 mjukuu wake alimwita kwa nyuma naye amebeba kikombe. Safari hii hakusimama, aligeuka. Akaangukia mkono wa kushoto, kifundo kikavunjika.

Alifungwa plasta ngumu wiki sita, nasi tukapewa zamu kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa binti wa Kizulu, wa umri wa mjukuu wake, akimwita Gogo, yaani bibi. Hakuanza na mkono. Alimwambia Mama akunje mikono kifuani, ainuke kitini. Mama hakuweza. Binti akampapasa mapaja, kisha akaniambia mimi: "Misuli ipo, dada. Amri ndiyo haifiki sawasawa."

Nilimwomba anieleze polepole, kwa maana mimi nilidhani nguvu ni nyama. Alisema hivi. Msuli haujiendeshi. Ubongo hutoa amri, amri hushuka katika uti wa mgongo, na huko ziko chembe za fahamu ambazo kila moja ina mshipa wake unaokwenda kwenye msuli na kushika kundi lake la nyuzi. Chembe ya jicho hushika nyuzi chache sana, ndiyo maana jicho hugeuka kwa unyoofu ule. Chembe ya paja hushika mamia, hata zaidi ya elfu. Mtu akipita miaka sitini hivi, baadhi ya chembe hizi huanza kufa kwa wingi zaidi, na nyuzi zake hubaki yatima. Chembe za jirani hutoa vitawi vipya na kuzichukua nyuzi zile, kama mtu anavyochukua watoto wa marehemu nduguye. Zisizochukuliwa hunyauka. Hizo zilizochukuliwa huokoka, lakini nyumba sasa ina watoto wengi na mlezi mmoja: akiita, wanakuja wote pamoja. Ule uwezo wa kutoa nguvu kidogo kidogo, kwa kipimo, hupungua. Ndicho kikombe kilichomwagika.

Juu ya hayo liko jambo la pili, nalo ndilo lililonichoma. Ubongo usiotumwa kazi nzito hupoteza mazoea ya kuita nguvu zote zilizopo. Mzee anaweza kuwa na msuli wa kutosha kumwinua, na asiinuke, kwa kuwa amri inakuja hafifu na kwa kuchelewa. Kwa hiyo nguvu huondoka upesi kuliko nyama. Uzee una sehemu yake, alisema binti yule, na kiti kina sehemu yake. Hakusema sehemu yangu ni ipi, lakini nilijua kiti kilinunuliwa na nani.

Kisha akampa Mama mpira wa kufinya, kwa mkono wa kulia. Kaka yangu mkubwa alipopiga simu kutoka Johannesburg akacheka kweli kweli. "Umevunjika wa kushoto, ninyi mnamfinyisha wa kulia! Huyo daktari au mganga?" Hata mimi nilikuwa na shaka. Lakini jambo hili ni la zamani. Mwaka 1894, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, bwana mmoja aitwaye Edward Scripture na wenzake waliufanyisha kazi mkono mmoja wa mtu, wakakuta ule wa pili, uliokaa bure, nao umezidi nguvu. Msuli wa mkono uliokaa bure haukunenepa. Kilichojifunza ni kule juu kunakotoka amri. Na mwaka 1992 watafiti wengine waliwafanya watu wafikirie tu kwamba wanakikaza kidole cha mwisho, bila kukitikisa. Baada ya wiki nne nguvu ya kidole ilikuwa imepanda kwa asilimia 22, na wale waliokikaza kweli walipanda kwa asilimia 30. Nilipomsomea Mama habari hizi alisema yeye usiku husuka ukili kwa mawazo mpaka usingizi umchukue, tangu alipofungwa plasta. Hakuna aliyemfundisha.

Ugomvi mkubwa ulikuja plasta ilipofunguliwa. Binti aliagiza Mama ainuke na kuketi mara kumi, asubuhi na jioni, ashike mfuko wa mchele wa kilo moja kila mkono, na apande ngazi za jengo letu badala ya lifti, kwanza ghorofa moja, kisha mbili. Dada yangu wa Tanga alilia katika simu. Shangazi alisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Kaka aliuliza kama nimekosa fedha za kumweka mtu wa kumsaidia. Nisiwaonee, kwetu sisi mtoto mwema ni yule ambaye mzazi wake hainui kijiko. Nami nililelewa hivyo, na kila Mama alipokuwa akihema katika ngazi, mkono mmoja kwenye chuma, mimi nyuma yake ngazi moja chini, nilitamani kumbeba.

Lililonishikilia ni habari ya Boston. Mwaka 1990 daktari mmoja wa kike, Maria Fiatarone, na wenzake waliandika juu ya wazee kumi wa nyumba ya kutunzia wazee, umri wao ukikaribia au kupita miaka 90, waliopewa vyuma vya kunyanyua kwa miguu kwa wiki nane. Mmoja hakumaliza. Waliomaliza, nguvu ya miguu yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Nyama ya paja iliongezeka kwa asilimia 9 tu. Angalieni hesabu hiyo. Nguvu iliyozidi karibu mara tatu haikuweza kutoka katika nyama iliyozidi kidogo hivyo. Sehemu kubwa ilikuwa ni amri iliyoamka. Nilimtumia kaka barua kuhusu hesabu hii. Hakujibu, ila wiki ya pili alimtumia Mama viatu vya raba.

Basi ikafika Machi 2020, serikali ikafunga nchi kwa sababu ya korona. Tangu tarehe 27 hatukuruhusiwa kutoka hata kutembea, na ufukwe uliokuwa chini ya dirisha letu ukawa mtupu. Zilibaki ngazi zetu. Mama alizipanda akiwa na barakoa ya kitambaa cha leso alichokishona mwenyewe, na majirani waliokuwa hawajawahi kumjua wakamjua.

Mwaka ule mbio za Comrades hazikukimbiwa. Wageni wa mji huu waelewe kwamba mbio hizi, za karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, zilianza mwaka 1921, na hapa zina heshima kama ya sikukuu. Mzee mmoja wa jengo letu alimsimulia Mama habari za Wally Hayward, aliyeshinda mara ya kwanza mwaka 1930, akashinda tena mara nne katika miaka ya hamsini na kitu. Mwaka 1988 alirudi akiwa na miaka 79, akamaliza kwa saa 9 na dakika 44. Mwaka 1989, mwenye miaka 80, alimaliza zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili mlango ufungwe, naye hoi kabisa. Alikufa mwaka 2006. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na alikuwa anakimbilia nini?"

Mimi nilitaka kujua zaidi. Watafiti wa Kanada waliwapima wakimbiaji wa umri wa miaka sitini na kitu, wakakadiria kwamba zile chembe za amri katika msuli wa mbele ya mguu zilikuwa karibu sawa na za vijana. Walipopima mikono ya wakimbiaji, hawakuona faida ile. Wengine waliopima baadaye hawakuiona hata miguuni, kwa hiyo mabishano yanaendelea. Mimi si mtaalamu. Ila kwa upande wa mkono ninaye shahidi ndani ya nyumba: ngazi zilimrudishia Mama miguu, vidole havikurudi kwa ngazi. Vidole vilirudi, kwa kadiri vilivyorudi, kwa ukili.

Ukindu aliokuja nao ulikwisha. Binti yule wa mazoezi ana jamaa Hlabisa, kaskazini, ambako wanawake husuka vikapu kwa makuti ya mti wanaouita ilala. Alimletea Mama furushi. Mama aliyanusa, akayapasua kwa ukucha, akasema: "Hii ni miaa! Hii mikoche ya kwetu." Akaanza kusuka siku ile ile, na kidole cha gumba cha kushoto kilikuwa kikiteleza, ukili unapanuka na kusinyaa kama njia ya nyoka. Aliufumua mara nyingi sana. Mkeka ulichukua muda wa karibu mwaka mzima, na ukiutandika utaona pale alipoanzia, maana kili za kwanza hazikunyooka. Nilimwambia tuziondoe tuweke nyingine. Alikataa. Umekwenda na mjukuu wake alipoolewa.

Sasa Mama ana miaka 83. Ngazi anashuka kwa miguu, kupanda anapanda ghorofa mbili na ya tatu anaita lifti, akisema haoni sababu ya kushindana na chuma. Ufukweni anatembea na mkongojo kwa ajili ya upepo. Kikombe kinajazwa. Ufagio ni wake, na wageni wakija mimi ndiye ninayeambiwa niketi.

Atakayekuja Durban mwezi wa Desemba amletee rangi ya ukili, ya zambarau na ya kijani. Miaa anayo.