Maji Yapandayo Mlima

Wasomaji wetu waliofika Machakos huenda walipelekwa Kyamwilu, kwenye vilima vya Kituluni, ambako maji yakimwagwa barabarani huonekana yakipanda mlima, na gari lililozimwa injini huyafuata. Wapo wasemao ni majini. Sisi hatuoni haja ya kuwasingizia. Vilima vya pale huuficha upeo ambao jicho hupimia, hata mteremko mdogo ukadhaniwa mwinuko. Pipimaji ya mwashi ingekata shauri.

Imamu Ghazali, katika Al-Munqidh, alieleza kuwa jicho hukiona kivuli kimesimama ilhali hakiachi kusogea, na nyota huiona ndogo kama dinari. Shaka hiyo ilimuuguza karibu miezi miwili. Na Surat An-Naml, aya ya 88, yatwambia kuwa milima tuidhaniayo imetulia itapita mpito wa mawingu.

Mke na mume wajapo kwetu wakitaka talaka, kila mmoja akiapa kuwa aliyoyasema ameyaona kwa macho yake, hatumwiti yeyote mwongo. Twamwomba kila mmoja atusimulie jambo lile lile kutoka pale aliposimama mwenzake.